Kilo Sabini na Tatu za Magwangala

Walimu wenzangu vijana, tangu nilipokabidhi ufunguo wa maabara mwezi uliopita mmenipigia simu kwa mambo mawili. La kwanza, lenzi ziko wapi. Lenzi ziko kabati la chini, nyuma ya betri zilizokufa, mahali zilipokaa tangu wengine wenu hamjazaliwa. La pili ni lile gogo refu la mkaratusi lililolala nyuma ya maabara, lenye tundu la ekseli ubavuni, ambalo mpishi ameanza kulitamani kwa kuni. Msimpe. Bila gogo lile shule hii isingekuwa na somo la Fizikia leo, na ninyi msingeletwa hapa kulifundisha. Nitawaeleza ilivyokuwa, ila kwa utaratibu wangu, kwa sababu mwalimu wa Fizikia akianzia katikati wanafunzi husinzia.

Vyeo sitavigusa. Vilikuja vilipokuja, na havikuniongezea akili.

Mimi ni mtoto wa Ushetu, kwa mzee aliyelima tumbaku maisha yake yote. Nilifika katika shule hii, hapa kati ya Kahama na Ushirombo, nikiwa na sanduku la bati, jiko la mafuta ya taa na cheti kipya kilichoviringishwa kama mkeka. Mkuu wa shule wa wakati ule alinikabidhi ufunguo kwa heshima, utadhani ananipa nyumba. Nilipofungua maabara nikakuta magunia ya mahindi, madawati yaliyokatika miguu, na katika droo ya vipimo vya uzito kuku ameatamia mayai. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku ile kuku mgeni nilikuwa mimi, na yule wa kwenye droo alinitazama kama mwenyeji anayemtazama mtu aliyekosea mlango. Nikamwacha aangue kwanza, nikaanza kazi wiki mbili baadaye.

Vifaa vilikuwa hivi: mizani ya springi inayoishia kilo tano, seti ya vipimo iliyopungukiwa viwili, na ammita ambayo mshale wake ulikuwa umelala usingizi wa pono. Nyaya hazikuwepo. Vitabu vilikuwa vinne kwa darasa la watoto arobaini na kitu. Niliandika barua ya kuomba vifaa. Nakala ya barua ile iko kwenye faili la kijani, na majibu yake nadhani bado yako njiani.

Vifaa vyangu vya kwanza nilivipata kwenye gwaride la Jumatatu. Mwalimu wa nidhamu alikuwa na desturi ya kukagua mifuko ya wavulana na kunyang'anya manati, kisha kuzichoma moto mbele ya shule nzima. Jumatatu yangu ya pili zilikusanywa ishirini na sita. Nikamwendea kabla hajawasha kiberiti.

"Mwalimu, naomba nipewe mimi hizo."

"Madam, unataka kuwinda njiwa?"

"Nataka kufundisha."

Akacheka mpaka akakohoa, lakini akanipa. Nikawaambia Kidato cha Pili wafunge panda ya manati kwenye dawati, wavute mpira wa tyubu kwa kipimo, waachie, kisha wapime kijiwe kimefika wapi. Nikawauliza: ukivuta mpira mara mbili ya ulivyovuta kwanza, jiwe litakwenda mara ngapi zaidi? Darasa zima likajibu kwa sauti moja, mara mbili. Tukatoka uwanjani, tukarusha, tukapima kwa hatua. Ilikuwa karibu mara nne. Walidhani nimefanya mazingaombwe, na mimi nikawaacha wadhani hivyo mpaka kesho yake, maana mwanafunzi akilala na swali huamka ana njaa. Nishati iliyojificha ndani ya mpira haiongezeki kwa kadiri ya mvuto, inaongezeka kwa mvuto kuzidishwa kwa wenyewe. Hii mnaijua. Kinachonisikitisha ni kwamba mnaifundisha ubaoni wakati nje kuna uwanja.

Kijiwe kimoja siku ile kilivunja dirisha la ofisi ya walimu. Kwenye kitabu cha uharibifu, sehemu ya "aliyevunja", niliandika "Fizikia". Dirisha lile ndilo lililonikutanisha na Mzee Maganga.

Maganga alikuwa fundi seremala wa shule. Alisoma mpaka darasa la nne, akaacha, akachunga ng'ombe, kisha akajifunza useremala kwa mapadre wa Ushirombo. Alikuja na kioo kipya kwapani, akaniona nimesimama na wanafunzi na zile manati. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akaweka kioo chini.

"Mayu Mwalimu," akasema. Sisi huku mayu ni mama, na mzee akimwita hivyo binti wa miaka ishirini na minne amempa heshima kubwa. "Hicho ni kitu cha kuchezea. Kombeo unalijua?"

Nikasema nalijua kwa jina. Akacheka. Akafungua kamba ya katani aliyofungia kioo, akakata kipande cha ngozi kwenye mfuko wake wa misumari, na kwa muda wa kunywa chai akawa ameshatengeneza kombeo. Alipokuwa kijana ndilo alilotumia kuamia mtama, kufukuza kwelea kwelea kutwa nzima. Ncha moja akaifunga kidoleni, nyingine akaishika, jiwe akalilaza kwenye ngozi. Akazungusha mara moja tu. Jiwe lilivuka uwanja wa mpira wote, likagonga bati la jikoni, mpishi akatoka na mwiko mkononi akitafuta vita.

"Umeona?" Maganga akaniuliza bila hata kumtazama mpishi. "Mkono si huu tena. Umerefuka. Lakini urefu si kazi, mayu. Kazi ni kuachia. Ukiachia mapema linapanda mbinguni, ukichelewa linachimba ardhi."

Chuoni nilikuwa nimesoma hayo kwa alama na mishale, na nikafaulu, ila ni siku ile nilipoyaelewa. Kuanzia hapo Maganga akawa mwalimu wangu na mimi wake. Alinifundisha patasi, randa na timazi, akanifundisha kusoma mti kabla ya kuukata. Mimi nikamfundisha kusoma grafu. Alikuwa anaipenda grafu kuliko wanafunzi wangu wengi. Alisema ni kama njia ya ng'ombe, ukiiona tu unajua wanakokwenda kunywa maji. Kila jaribio lililohitaji mbao, kamba au egemeo katika shule hii lilipitia mikononi mwake, na hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kwa miaka mingi.

Ni yeye pia aliyenisikiliza nilipoanza kusoma historia ya mitambo ya kurusha mawe. Nilikuwa na kitabu kimoja kilichochakaa, nilikiazima kwa padri sikukirudisha, Mungu anisamehe. Nikamsimulia kwamba zamani za kale Wachina walisimamisha nguzo ndefu yenye kamba upande mmoja, watu kadhaa wakaivuta kwa pamoja na jiwe likaruka upande wa pili. Wagiriki na Warumi wao walisokota kamba za nywele na mishipa ya wanyama mpaka zikakaza, wakaziachia ghafla. Baadaye watu wakachoka kuvuta. Mahali pa wavutaji wakatundika sanduku la mawe mazito, likishuka lenyewe linavuta. Waarabu waliuita mtambo huo manjaniki. Ulibomoa kuta za miji mpaka baruti ilipokuja ikaustaafisha, nami siku hizi najua ulivyojisikia.

Maganga alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja. "Walijuaje jiwe litaangukia wapi?"

"Walirusha, wakapima, wakarekebisha, wakarusha tena."

"Basi walikuwa mafundi," akasema, akarudi kwenye randa yake.

Sasa nifike kwenye gogo. Mwaka wa gogo hilo matokeo ya Fizikia ya Kidato cha Nne yalikuwa mabaya, siyafichi. Barua ikaja kwamba mkaguzi kutoka kanda atatembelea shule zisizo na vifaa vya sayansi. Pale atakapoona somo linafundishwa kwa maneno matupu, atapendekeza lifutwe na wanafunzi wahamishiwe masomo ya sanaa. Kidato cha Tatu nilikuwa na wanafunzi ishirini na wawili waliochagua Fizikia. Kiongozi wao alikuwa Joyce, binti wa mfugaji. Aliwahi kuona mwanamke akiendesha lile lori la mgodini lenye tairi kubwa kuliko nyumba, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya kazi nyingine. Mkuu wa shule, ambaye alikuwa mwingine sasa, mtu wa Jiografia, aliniita ofisini.

"Mwalimu Kabula, tukubali tu. Hatuna maabara."

"Mkuu, nipe wiki tatu na Mzee Maganga."

Akanipa, nadhani kwa kunionea huruma. Mimi huruma sikuwa na shida nayo, nilikuwa na shida na mkaratusi wa kutengenezea manjaniki. Maganga alichagua mmoja kando ya kijito, akaupigapiga kwa kisigino cha shoka akisikiliza, akaukata. Tukauegemeza kwenye ekseli ya gari la ng'ombe lililokufa, upande wa jiwe ukawa mrefu mara nne ya upande wa uzito. Ncha ya upande mrefu tukafunga kombeo la kamba, maana yale aliyonionyesha uwanjani yalikuwa kweli tupu: kombeo linaurefusha mkono bila kuuongezea uzito. Jiwe letu lilikuwa tufe la udongo wa mfinyanzi la kilo mbili na nusu, na kila tufe lilipimwa kwenye mizani ya springi. Kufyatua ilikuwa kwa kamba ya hatua ishirini, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama mbele wala nyuma ya mkono wa mtambo. Hilo la mwisho lishikeni hata kama mtasahau mengine yote.

Kikabaki cha kujaza kwenye sanduku la uzito. Hapo ndipo yalipoingia magwangala. Mnayajua, ila ninyi mliotoka mikoa mingine niwaeleze: ni yale mawe ya mabaki ambayo mgodi mkubwa huyaweka kando, na wananchi wa huku walikuwa wameyaomba siku nyingi ili wayasage wenyewe, watafute dhahabu iliyosahaulika. Yalipotolewa, shule nayo ikapata fungu lake. Mkuu akapeleka sampuli ikasagwa, haikutoa kitu, rundo likabaki nyuma ya jiko kuku wakilipanda. Mimi sikutaka dhahabu. Nilitaka uzito, na mawe yale yalikuwa mazito kweli kweli. Tukaazima mizani kubwa kwa wanunuzi wa pamba, wanafunzi wakapima jiwe moja moja, Joyce akaandika. Kilo mia mbili kamili. Wakati wa kupakia nilimwona Maganga ameshika jiwe moja, akalilamba, akaligeuza juani kama wafanyavyo wachimbaji, kisha akaliweka sandukuni taratibu.

Alhamisi tukarusha mara tatu. Mita hamsini na tisa, sitini, sitini na moja. Wanafunzi walibebana. Tukasimamisha pipa kuukuu kwenye mita sitini, mizani ikarudi kwa wenyewe Kahama, na mimi nikaenda nyumbani nikiimba. Mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu.

Kosa langu ni hili, nalisema wazi ili msilirudie: Jumatatu asubuhi sikupima tena. Nilikagua kamba, nikakagua ndoano ya kufyatulia, sanduku nikalitazama tu. Lilikuwa limejaa mpaka juu, limening'inia sawasawa. Nikaridhika kwa macho.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye viatu visivyoonekana kama vimepita barabara yetu. Alisalimia kila mtu, hata mpishi. Nikamweleza yeye na shule nzima iliyosimama pembeni kwamba tufe litaangukia kwenye pipa. Joyce akavuta kamba. Mkono ukapanda, kombeo likafunguka vizuri, tufe likaruka, likaanguka mbali kabisa na pipa, upande wetu. Mita thelathini na nane.

Kicheko kilichotoka kwa Kidato cha Kwanza bado nakikumbuka. Tukarusha tena. Thelathini na nane. Mara ya tatu, thelathini na saba na ushee.

"Mwalimu," mkuu akaninong'oneza, "tumpeleke akaone bustani."

Lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kuogopa. Kifaa kilichoharibika huyumba, leo hapa kesho pale. Mtambo ule haukuyumba. Ulikuwa unasema neno moja mara tatu, na neno hilo lilikuwa kwamba kamba ni nzima, ndoano ni nzima, na sanduku limepungua. Umbali hufuata uzito unaoshuka. Uzito ukipungua kwa theluthi, umbali nao hupungua kwa karibu kiasi hicho. Nikachukua ubao mdogo, nikaandika hesabu bila kutamka, nikamwonyesha mkaguzi. Thelathini na nane kwa sitini, mara mia mbili: zimebaki karibu kilo 127. Chini yake nikaandika: zimepungua kilo 73.

Akausoma ubao kwa makini. "Mwalimu, hii ni hesabu au ni kisingizio?"

"Tufungue sanduku."

Tukafungua. Juu mawe. Chini ya mawe kulikuwa na viroba vya pumba za mpunga, vimeshindiliwa na kupangwa. Shule nzima ikaguna. Mkuu akamgeukia Juma, mlinzi wetu, mtu aliyekuwa na watoto sita.

"Juma, ufunguo wa geti anao nani?"

"Ninao mimi, mkuu, lakini wallahi mimi..."

"Leo leo unarudisha sare."

Nami niliziangalia zile pumba. Mwizi wa haraka angechota upande mmoja akakimbia. Huyu alikuwa ametoa kulia na kushoto kiasi sawa, akaweka kiroba huku na kiroba kule ili sanduku lisilale upande. Katika wilaya nzima nilimjua mtu mmoja tu ambaye hata akiiba hawezi kuacha kitu kimepinda. Alikuwa amesimama peke yake kwenye ukuta wa stoo, mbali na mtambo wake mwenyewe, kofia mkononi.

"Mwalimu Kabula," mkuu akaniuliza, "unajua ni nani?"

"Mtambo unasema kiasi gani," nikajibu. "Hausemi nani."

Nilijisikia vibaya kwa Juma, na nilijisikia vibaya zaidi kwa sababu nilikuwa tayari kunyamaza.

Mkaguzi akatikisa kichwa. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo ilikuwa inatuua. "Pumba zinaonyesha kuna kitu kimetolewa," akasema. "Hazionyeshi kiasi. Mia mbili ni ya madaftari yenu, sitini ni ya madaftari yenu, na mizani kubwa mnasema haipo. Saa sita natakiwa shule nyingine, siwezi kukaa hapa mkipima mawe kwa kimizani cha kilo tano. Mimi nimeona tufe likikosa pipa mara tatu. Hesabu hii haina shahidi, Mwalimu. Anayeweza kuithibitisha ni yule aliyechukua, na huyo hatasema."

Akaanza kufunga jalada lake. Joyce alikuwa amesimama na kamba mkononi, machozi yanamtoka, hayafuti.

"Shahidi nipo."

Maganga alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeitika jina lake. Akaja mpaka katikati ya uwanja. Mkaguzi akafanya jambo ambalo mpaka leo nalisifu: akaugeuza ubao wangu ukaangalia chini, akaninyooshea kidole kwamba nisifungue mdomo.

"Mzee, ulichukua wewe?"

"Mimi. Jumamosi mchana, nikamwambia Juma nakwenda kurekebisha sanduku, akanifungulia. Hakujua kitu. Nikapakia kwenye baiskeli mpaka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe."

"Ulichukua kiasi gani?"

"Pale kwenye karasha hawasagi mpaka wapime. Kilo sabini na moja."

Mkaguzi akaugeuza ubao, akausoma tena, akampa Maganga ausome. Macho ya mzee yalikuwa yameshaanza ukungu, akausogeza karibu na pua. Akasoma polepole. Kisha akanitazama mimi, na wallahi nawaambia, mtu yule aliyekuwa ameshikwa na wizi mbele ya shule nzima alitabasamu.

"Na dhahabu?" mkaguzi akauliza.

"Tulisaga, tukaosha. Duhu." Hamna kitu.

Mkaguzi aliandika muda mrefu. Alimwita Joyce akamhoji kwa nini umbali unafuata uzito, naye akajibu huku bado anapenga kamasi, akajibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Somo la Fizikia halikufutwa. Wale ishirini na wawili walimaliza nalo, na walioingia baada yao, mpaka mlipofika ninyi.

Juma alibaki na sare yake. Maganga alifukuzwa wiki ile ile. Nilikwenda kwa mkuu mara mbili kumwombea, mara ya pili nikapaza sauti, haikusaidia. Mkuu alisema shule haiwezi kumweka mwizi aliyekiri mbele ya mkaguzi. Kwa kanuni alikuwa sahihi. Nilirudi maabara nikajifungia nikalia, kwa sababu chaki iliyookoa somo langu ndiyo iliyompima rafiki yangu.

Alikuja Ijumaa kuchukua vifaa vyake. Nikamsaidia kuvifunga kwenye gunia, patasi kwanza, randa juu.

"Ulijua, mayu," akasema. "Ulipoziona zile pumba."

"Nilijua."

"Ungenyamaza?"

"Ningenyamaza."

"Na watoto?"

Nikainamia gunia. Akatikisa kichwa, kama alivyokuwa akifanya nilipopigilia msumari vibaya. "Nililiona lile jiwe linang'aa nikasema, Maganga, umezeeka na randa, labda hii ndiyo bahati yako. Nikajiambia sanduku ni kubwa, halitajua." Akafunga mdomo wa gunia. "Lakini niambie kitu kimoja. Wewe ulisema sabini na tatu. Mimi nilipima sabini na moja. Zile mbili zilikwenda wapi?"

Nikamwambia ni zaidi ya mbili, maana pumba nazo zina uzito, na zilipoingia zilifidia kidogo. Nikamtajia upepo, nikamtajia kamba ya kombeo iliyolowa umande. Akasikiliza yote akitazama chini.

"Hapana," akasema. "Ni ekseli. Kila siku ya kurusha mimi huja alfajiri naipaka grisi. Jumatatu sikuipaka. Nilifika pale na kopo mkononi nikashindwa kuugusa mtambo."

Akabeba gunia lake akaondoka kwa miguu, maana baiskeli alikuwa amempa Juma.

Kwenye daftari la maabara la mwaka ule, ukurasa wa mtambo, chini kabisa, mtakuta nafasi ya kueleza chanzo cha tofauti kati ya hesabu na kipimo. Nimeandika: ekseli haikupakwa grisi. Mkaguzi yeyote ataisoma ataridhika. Ninyi sasa mnajua kwa nini haikupakwa.